"Bidhaa ikishauzwa haitarudishwa": Nani kasema?

Ukiingia katika maduka mengi ya vifaa vya umeme jijini Dar es Salaam, utaikuta kauli hii ukutani au chini ya stakabadhi: "Bidhaa ikishauzwa haitarudishwa." Wateja wengi wakishaisoma hunywea, wakidhani ni amri ya sheria. Leo tuulize, ni sheria ipi hiyo?

Tuchukue mfano wa mama muuza juisi. Anamweleza mwenye duka kuwa anataka mashine ya kusagia matunda itakayofanya kazi kutwa nzima. Muuzaji anamchagulia moja, naye analipa shilingi 150,000. Siku ya pili mota inaungua. Akirudi, anaonyeshwa yale maandishi. Mtaji umekwenda na maji.

Ndugu wasikilizaji, mkataba si lazima uwe karatasi yenye mihuri. Mapatano ya mdomo dukani nayo ni mkataba. Aidha, stakabadhi hutolewa fedha zikishapokelewa. Sharti linalojitokeza baada ya malipo, mnunuzi alilikubali saa ngapi?

Tena, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inayahesabu baadhi ya masharti kuwa yamo katika mauzo hata kama hayakutamkwa. Bidhaa ilingane na maelezo yake. Ikinunuliwa kwa mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo, iwe na ubora wa kuuzika. Na mnunuzi akieleza kazi anayoitakia, akautegemea ujuzi wa muuzaji, basi iifae kazi hiyo. Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003 ikaongeza kinga kwa mlaji, na Tume ya Ushindani iliyoundwa kwa sheria hiyo imekwisha waeleza wafanyabiashara kwamba kauli ile ni kinyume cha sheria.

Hata hivyo, tusiwaonee wenye maduka. Aliyenunua shati la bluu, akafika nyumbani akatamani la kijani, hana madai. Kadhalika, aliyeikagua bidhaa asilalamikie ufa uliokuwa wazi machoni pake. Wala aliyeivunja mwenyewe asimbebeshe muuzaji hasara.

Kwa hiyo, unaponunua, sema wazi unataka kitu kwa kazi gani. Omba kijaribiwe mbele yako. Dai stakabadhi na uitunze. Kikiharibika, acha kukitumia, urudi mapema, kwani anayekaa nacho muda mrefu bila kusema huhesabiwa amekipokea, na haki yake ya kukikataa hupotea, ingawa bado anaweza kudai fidia.

Shilingi 150,000 kwa mwenye duka ni mauzo ya asubuhi moja. Kwa mama yule ni ada ya mtoto na kodi ya chumba. Maandishi ya ukutani yasimnyamazishe.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.