Kuchagua Vioo Vipya vya Pikipiki: Urembo Usifiche Barabara ya Nyuma

Maneno ya elimu ya usalama barabarani kwa wakazi wa kata



Jioni, katika barabara kuu itokayo Tinde kupitia Isaka hadi Kahama, dereva wa bodaboda anayetaka kukata kona kulia kuelekea kijijini huwa na mengi mbele ya macho yake: ng'ombe wanaorudi zizini, baiskeli iliyobeba magunia ya mkaa, vumbi, na jua linalozama. Hata hivyo, jambo la hatari kuliko yote haliko mbele. Liko nyuma, upande wa kulia. Ni lori la mizigo ya Rwanda au Burundi ambalo limekwisha kuanza kumpita.

Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita takriban mita 22 katika kila sekunde. Dereva wa pikipiki akigeuza shingo kwa sekunde mbili kulitafuta, lori limesogea mita 44, na yeye amekwenda muda huo wote bila kutazama mbele. Tena, pikipiki hufuata mabega ya anayeiendesha: bega likigeukia kulia, usukani nao huvutwa kulia, yaani kule kule linakopita lori.

Kioo cha pembeni, ambacho mafundi wengi hukiita saiti mira, kiliwekwa ili kazi hiyo ifanywe kwa kutupa jicho mara moja. Nchi hii huendesha upande wa kushoto, na chombo kinachopita kingine hupitia kulia. Kwa hiyo pikipiki isiyo na kioo cha kulia imekosa jicho katika upande ambao kifo hutokea kwa kasi zaidi.

Pamoja na hayo, katika vijiwe vya Shinyanga, Kahama, Katoro na Geita pikipiki zisizo na vioo, au zenye kimoja tu, si kitu cha ajabu. Sababu zake zinaeleweka. Pikipiki ikianguka katika njia ya changarawe, kioo huwa cha kwanza kuvunjika. Wapo wanaoving'oa kwa kuhofia wezi wa usiku, na wapo wanaovikunja ili wapenye katikati ya magari. Wengine huondoa vioo vikubwa vilivyotoka kiwandani na kufunga vidogo vya mapambo, kwa kuwa vile vya awali vinaonekana kama masikio ya punda.

Kupenda urembo si kosa. Pikipiki ni mtaji, ndiyo duka na ndiyo jina la mwenye nayo kijiweni. Kijana anayeing'arisha ndiye pia anayekumbuka kubadilisha oili. Lakini watu wa ukanda huu wa dhahabu wanajua jambo moja kuliko wengine: mchimbaji haamini mng'ao wa jiwe. Hulisaga, huliosha, kisha hupima alichopata. Kioo nacho kipimwe hivyo hivyo, dukani, kabla pesa haijatoka mfukoni.

Kipimo cha kwanza ni ukubwa. Kanuni Na. 81 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu vioo vya pikipiki, hutaka kioo cha duara kiwe na kipenyo kisichopungua milimita 94, na kioo cha umbo lolote kiwe na eneo lisilopungua sentimita za mraba 69. Kwa kukadiria, duara hilo ni pana kidogo kuliko kiganja cha mtu mzima bila kidole gumba. Kioo chembamba chenye umbo la jani au la mkuki kinaweza kupendeza, lakini kikishindwa kipimo hicho, sehemu kubwa ya kinachoonyesha itakuwa mkono wa dereva. Stika ikibandikwa juu ya kioo hupunguza eneo hilo hilo.

Kipimo cha pili ni umbo la uso wa kioo. Kioo bapa huonyesha umbali kama ulivyo, ila huona eneo dogo. Kioo mbinuko, kilichotokeza kidogo kwa nje, huona eneo pana, ila hufanya lori lionekane dogo na la mbali kuliko lilivyo. Kwa barabara zenye magari mengi, mbinuko kidogo hufaa, mradi dereva akizoee: mwenzake asimame hatua ishirini nyuma, naye amtazame kwanza kiooni, kisha kwa macho. Vioo vinunuliwe viwili vya aina moja. Kimoja kikiwa bapa na kingine mbinuko, gari lile lile litakuwa na umbali wa aina mbili.

Kipimo cha tatu ni urefu wa shina. Dereva aketi juu ya pikipiki yake, mikono ikiwa kwenye usukani kama anavyoendesha. Shina fupi la mapambo humwonyesha kiwiko chake mwenyewe. Abiria naye aketi nyuma, kwa kuwa biashara ni ya kubeba abiria. Kama mabega ya abiria yanaziba barabara, shina hilo halitoshi. Anayebeba viroba vya mawe kwenda kwenye makarasha apime akiwa na mzigo wake wa kila siku. Mzigo unaoziba vioo vyote viwili umezidi upana, na tiba yake ni kuupunguza.

Kipimo cha nne ni mtetemo. Injini iwashwe na mafuta yaongezwe kidogo, kisha dereva ajaribu kusoma namba za chombo kilichosimama nyuma. Zikigeuka ukungu, shina ni jepesi mno au nati haijakazwa. Nyuzi nazo zitazamwe: pikipiki nyingi hutumia nyuzi za milimita 8 au 10, na baadhi, hasa za Yamaha, zina nyuzi za kinyume upande wa kulia. Kioo kisichoingia kwa mkono kisilazimishwe kwa spana, kwa maana kitaharibu kishikio, na gharama itazidi bei ya kioo chenyewe.

Baada ya kufungwa, kila kioo kirekebishwe hadi barabara ya nyuma ionekane katikati yake na bega la dereva lionekane kidogo tu pembeni. Cha kushoto kisidharauliwe. Dereva anaposogea kando kushusha abiria, upande huo ndio wenye waenda kwa miguu na waendesha baiskeli, ambao Shinyanga haijapungukiwa nao. Hata vioo vikiwa bora, ipo sehemu karibu na bega ambayo havioni. Kabla ya kukata kona, baada ya kutazama kioo na kuwasha indiketa, dereva atupe jicho fupi pembeni. Wakati wa kiangazi, kitambaa chenye unyevu kiwekwe chini ya kiti, kwani vumbi jekundu la njia za machimboni huziba kioo kwa safari moja.

Urembo una nafasi yake baada ya hapo. Rangi ya kava, mng'ao wa shina na mapambo ya usukani ni hiari ya mwenye pikipiki, mradi uso wa kioo ubaki mtupu.

Husemwa mara nyingi kijiweni kwamba ajali haina kinga. Ipo ajali isiyo na kinga, lakini ile ya lori lililokuwa linaonekana tangu mbali, kama kioo kingekuwapo, si ya aina hiyo. Abiria naye ana sehemu yake. Kabla ya kupatana nauli, atazame usukani. Akikuta mashimo mawili mahali pa vioo, ana haki ya kuita pikipiki inayofuata, na viongozi wa vijiwe wanaombwa wasimkasirikie.