Nyungunyungu Peke Yake Hatoshi



Mkulima akichimbua udongo na kukuta nyungunyungu wengi, hufurahi na kusema kwamba shamba lake lina rutuba. Mara nyingi husema kweli. Lakini yaliyotokea kaskazini mwa mji wa Manaus, katika msitu wa Amazon nchini Brazil, yaonyesha kwamba wingi si lazima ulingane na faida. Na katibu aliyewahi kulinganisha daftari la wanachama na kahawa iliyoletwa ghalani atalielewa jambo hili upesi.

Huko miti ilikatwa, nyasi za malisho zikapandwa, na ng'ombe wakaingizwa. Mchwa, majongoo, sisimizi na nyungunyungu wa msituni, waliokuwa wakila majani yaliyoanguka na kutoboa ardhi kila mmoja kwa namna yake, walitoweka kwa sehemu kubwa. Nafasi yao ilishikwa na nyungunyungu wa aina moja, Pontoscolex corethrurus, avumiliaye ardhi iliyovurugwa. Wataalamu walieleza mwaka 1999 kwamba aina hiyo ilifikia hata asilimia 90 ya uzito wa viumbe wa udongoni waonekanao kwa macho. Kwa mwaka hutoa zaidi ya tani 100 za kinyesi katika hekta moja. Kinyesi hicho kikilowa huwa tope zito, na kwa kuwa wale wa kukivunjavunja hawapo tena, hugandamana na kuziba matundu ya ardhi. Maji ya mvua hukosa pa kupenya.

Yalikatwa baadaye mabonge ya udongo wa malisho hayo, yakapelekwa kukaa msituni. Baada ya mwaka mmoja tu viumbe wa msitu walikuwa wameyatoboa upya, na udongo ulikuwa umerudia hali iliyokaribia ile ya awali. Kumbe ardhi yenyewe ilikuwa haijafa, ilikosa wafanyakazi.

Hapa ndipo vyama vya kahawa vinapoguswa. Katika vihamba vya Kilimanjaro, kahawa hukaa chini ya migomba na miti mirefu, na majani ya kila namna huanguka mwaka mzima. Mwanachama akatae kivuli hicho, achomaye majani ya migomba na kupalilia hadi ardhi ibaki tupu, huwanyima viumbe hao chakula na makao kwa pamoja.

Kamati hutumia saa nyingi kugawa mifuko ya mbolea ya chumvichumvi, na ni nadra kuuliza majani ya shambani yamekwenda wapi. Swali hilo lafaa kuingizwa katika ajenda ya mkutano ujao, kabla ya masika, wakati majani bado yapo na hayajatiwa moto.