Sakafu Yenye Unyevu: Jua Kwanza Maji Yanatoka Wapi

Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na mafundi wanaofanyia kazi nyumbani



Wengi wenu mmegeuza gereji ya nyumbani kuwa karakana, na kodi ya kibanda mmeiokoa. Lakini masika yakianza, sakafu ya zege hulowa, mbao hupinda, misumeno hushika kutu, na mfuko wa simiti uliowekwa chini huganda kama jiwe. Hatari kubwa zaidi ni umeme. Zege lenye maji hupitisha umeme, na fundi wa kuchomelea anayesimama hapo kwa viatu vilivyolowa anahatarisha maisha yake.

Kabla ya kununua rangi au vigae, fanyeni jaribio hili. Chukua karatasi ya nailoni inayoonyesha ndani, nusu mita kila upande. Itandaze sakafuni, ziba kingo zote kwa utepe, uiache kwa saa 24 au zaidi. Maji yakionekana chini ya karatasi, yanapanda kutoka ardhini. Yakiwa juu yake, yanatoka hewani.

Kama ni ya ardhini, anzia nje. Weka mifereji ya paa, peleka maji mbali na ukuta, na uhakikishe udongo wa nje uko chini kuliko sakafu. Ukipaka rangi bila kufanya hivyo, itabanduka. Unyevu ukiendelea, tandika nailoni nzito ya geji 1000 juu ya zege, ipandishe kidogo ukutani, kisha mwaga tabaka jipya la zege lisilopungua inchi mbili na nusu. Anayejenga upya aiweke nailoni hiyo kabla ya kumwaga zege. Ni nafuu kuliko kurudia kazi.

Kama ni ya hewani, fungua madirisha mvua ikikatika, na utoboe matundu ya hewa juu ya kuta.

Sisi wa Pwani tujihadhari na mchanga wa bahari. Una chumvi, na chumvi huvuta unyevu hata wakati wa kiangazi, tena hulisha kutu vyuma vilivyo ndani ya zege.

Wakati mnarekebisha, kazi haiwezi kusimama. Basi inueni simiti na mbao juu ya paleti, mbali na ukuta. Ning'inizeni nyaya. Vaeni viatu vikavu vya soli ya mpira na msimame juu ya ubao mkavu. Mwiteni fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA akague waya wa ardhi na kufunga swichi inayokata umeme ukivuja. Sakafu ikiwa na maji yaliyotuama, zimeni mashine mpaka ikauke. Mteja atangoja.