BEI YA HAKI KWANZA, MCHANGO BAADAYE

(Maneno ya Katibu wa Tawi la Chama kwenye mkutano wa wanachama wa ushirika. Yamenakiliwa hapa ukutani kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Tumepewa nafasi tuzungumze juu ya kazi za akina mama na njia za kuwasaidia. Mara nyingi maneno haya yakitajwa, mmoja anatafuta sarafu mfukoni, mwingine anauliza mfadhili atakuja lini. Leo tunaomba tuanze mahali pengine kabisa. Tuanze sokoni, pale tunaponunua ndizi za mama.

KAZI NI YA NANI, FEDHA NI ZA NANI

Mila ya kihamba sote tunaijua. Kahawa ilikuwa ya baba. Ndizi, maharage, magimbi na maziwa vilikuwa vya mama. Lakini kazi ya kahawa haikufuata mgawo huo. Mama anachuma, mama anamenya, anaosha, anaanika, anachambua. Siku ya malipo linasomwa jina la baba, kwa sababu namba ya chama ni ya baba.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilieleza wazi kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi saa 12 mpaka 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu, na kwamba wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Wazee waliokuwapo wanakumbuka jinsi maneno hayo yalivyowakera watu. Yaliwakera kwa sababu yalikuwa kweli.

Sasa angalieni kilichotokea. Mwaka 1989 mapatano ya mgawo wa kahawa duniani yalivunjika, na bei ikaporomoka. Ikaporomoka tena mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nyumba nyingi za mlimani hapa zilisimama kwa nini? Kwa mkungu wa ndizi na chupa ya maziwa. Daftari la mtoto, sabuni, chumvi, nauli ya kwenda hospitali Moshi, vyote vilitoka kwenye vitu ambavyo tulikuwa tukiviita "vidogo vidogo vya akina mama". Kwa hiyo tukizungumza juu ya riziki ya mama tunazungumza juu ya nyumba nzima.

TUNANUNUAJE?

Tuulizane kwa ukweli. Mtu akienda dukani kununua mche wa sabuni, mwenye duka anataja bei, naye analipa. Hamwambii, "Nishushie, halafu niongeze kipande." Mtu huyo huyo akitoka pale akamkuta mama ameketi chini na chane zake za mshare, anaanza: "Ah, mama, mbona ghali? Punguza. Haya, niongezee na mbili za watoto." Mama amebeba mzigo kichwani tangu alfajiri, na jua linazama. Anakubali. Tunaondoka tumefurahi kwamba tumeokoa shilingi mia tano.

Jamani, shilingi hizo hazikuokolewa. Zimetoka kwenye mfuko wa mama zikaingia kwetu. Kubembelezana bei ni desturi ya soko, hatusemi iondolewe. Tunasema mwenye mali ya kuoza na miguu iliyochoka asikandamizwe kuliko mwenye duka la bati.

Liko na hili la vipimo. Mnunuzi anakuja na debe lililotanuliwa, analijaza maharage mpaka linafanya kichuguu, anasema hilo ni debe moja. Au anakuja na gunia lililoshonewa kilemba, yaani lumbesa. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa, na Wakala wa Vipimo upo. Lakini mkaguzi hawezi kusimama kila gulio kuanzia Mwika mpaka Kibosho. Mkaguzi wa kwanza ni mama mwenyewe anayejua kusoma mizani. Ndiyo sababu katika darasa letu la watu wazima jioni hatuishii a-e-i-o-u. Tunasoma namba za mizani, na tunapiga hesabu za mkungu.

HESABU YA MKUNGU MCHANGA

Tuwape moja ya hesabu hizo. Bei hizi ni za mfano wa ubaoni, kila mmoja aweke za kwake.

Mama ana shida ya shilingi 12,000. Mtoto anaumwa. Shambani ana mikungu mitatu, lakini bado michanga. Anakuja mtu, mara nyingine ni jirani kabisa, anamwambia, "Mimi nakusaidia. Chukua 4,000 kwa kila mkungu, nitakata ikikomaa." Mama anapokea 12,000 na anashukuru. Baada ya wiki sita mikungu inakomaa, yule mtu anaiuza 9,000 kila mmoja. Amepata 27,000.

Mama amepoteza kiasi gani? Darasa lilijibu: shilingi 15,000. Ni kusema alikopa 12,000 na akalipa riba ya 15,000 kwa wiki sita. Watu wa mjini wana jina la mikopo ya namna hii, wanaiita kausha damu. Sisi huku tunaiita msaada!

Ndugu zetu wa Kagera wanalijua jambo hili kwenye kahawa. Mkulima anauza kahawa ingali maua, wanaita butura, na Serikali imeipiga vita miaka mingi. Butura ya ndizi haina jina hapa kwetu, lakini ipo. Mwenye kuifanya asijifiche nyuma ya neno msaada.

USHIRIKA ULIANZIA KWENYE MANUNUZI

Wako watakaosema, "Katibu, ushirika ni kuuza kahawa. Mambo ya kununua yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sana. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale huko Uingereza, watu 28, wengi wao wafumaji wa nguo, walikusanya fedha kidogo kidogo wakafungua duka. Waliuza unga, siagi, sukari na mishumaa. Wenye maduka wa siku zile walikuwa wakichanganya uchafu katika vyakula na kupunja vipimo. Wale 28 wakaamua kuuza chakula safi kwa kipimo cha kweli. Huo ndio mfano uliofuatwa na vyama vya ushirika katika nchi nyingi. Ulianza kwa watu maskini walioamua namna ya kununua.

Hapa Kilimanjaro KNCU iliundwa mwaka 1933. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa miaka ya 1980. Katika miaka ya 1990 KNCU ikaanza kuuza sehemu ya kahawa yake kwa utaratibu wa Biashara ya Haki. Utaratibu huo wa alama kwenye pakiti ulianzia Uholanzi mwaka 1988, kwa jina la Max Havelaar. Mnywaji wa kahawa wa huko akiona ile alama anajua kwamba chama cha wakulima kimelipwa si chini ya bei fulani. Mwaka 2023 bei hiyo ya chini kwa kahawa ya arabika iliyooshwa ilipandishwa kutoka dola 1.40 hadi dola 1.80 kwa ratili. Bei ya soko ikiwa juu zaidi, kama ilivyokuwa mwaka 2024, inalipwa ya soko. Juu yake inaongezwa nyongeza ya senti 20 za dola kwa ratili, na wanachama ndio wanaoamua itumike vipi. Angalau senti 5 kati ya hizo ziende kwenye ubora wa kahawa na uzalishaji.

Tusikilizane hapo. Yule mnunuzi wa mbali hatupi sadaka. Analipa bei. Na nyongeza inaamuliwa na wanachama mkutanoni. Je, wanachama ni nani? Kama namba ni za akina baba peke yao, basi aliyechuma ile kahawa hana mkono wa kuunyosha. Haki imesafiri kutoka Ulaya mpaka mlangoni kwetu, ikakuta mlango umefungwa kwa ndani.

MFANO WA NRONGA

Tusiseme haiwezekani. Pale Machame, wilaya ya Hai, akina mama wa Nronga walianzisha ushirika wao wa maziwa mwaka 1988. Waliyachukua maziwa ambayo kwa mila yalikuwa yao, wakayakusanya pamoja, wakayapima, wakayasindika na kuyauza. Wakapeleka maziwa hata kwa watoto wa shule. Mama mmoja mwenye lita mbili akienda sokoni peke yake anapangiwa bei. Wengi wakiweka maziwa yao pamoja na kuyapima ubora, wanazungumza bei.

Lakini chama cha maziwa kinahitaji wanywaji. Kama sisi tunapita mbele ya maziwa ya jirani tukanunue ya pakiti kutoka mbali, na tukifika nyumbani tunalalamika kwamba kijijini hakuna fedha, tumezipeleka wapi? Masharti ni kwa pande zote: mama asitie maji, na sisi tununue na tulipe siku ileile. Deni la maziwa la miezi mitatu ni dhuluma, hata kama mdaiwa ni mtu mkubwa.

NAFASI YA MCHANGO

Sasa ndipo tunafika kwenye kutoa. Turudi kwenye hesabu yetu. Watu 50 wakitoa shilingi 500 kila mmoja kwa mwezi, ni 25,000. Fedha hizo zinawakomboa akina mama wawili wenye shida ya 12,000 kila mmoja, na inabaki 1,000. Mama anachukua, anamtibu mtoto, mikungu inakomaa shambani mwake mwenyewe, anaiuza 27,000, anarudisha 12,000. Anabaki na 15,000 ambazo zingekwenda kwa mtu mwingine. Na fedha za mfuko zipo palepale, zinamngoja mama wa tatu. Haba na haba hujaza kibaba.

Huo ndio mchango tunaoutaka: mdogo, wa kila mwezi, usiotangazwa, unaozuia mama asiuze kwa kulazimika. Hatutaki mtu atoe mara moja kwa mbwembwe, apigwe picha na mjane, kisha wiki inayofuata amnunulie ndizi zake kwa bei ya kuonea. Mkono mmoja unatoa mia tano, mwingine unachukua elfu tano. Huyo ametoa nini?

Mikopo ya halmashauri isiyo na riba ipo kisheria tangu 2018, asilimia 4 ya mapato ya ndani kwa wanawake. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa 2024. Vikundi vijiandikishe viombe. Lakini ugonjwa wa usiku hausubiri kikao cha halmashauri. Ndiyo maana tunahitaji na mfuko wetu.

TUNAYOOMBA YAAMULIWE

Mkutano ujao utapiga kura juu ya mambo manne. Yasomeni, mjadiliane majumbani:

1. Mizani ya chama itolewe nje siku za gulio, mtu yeyote apime bure kabla ya kuuza.

2. Uanzishwe Mfuko wa Mkungu. Sanduku liwe na kufuli tatu, funguo zishikwe na watu watatu, wawili kati yao akina mama. Daftari lisomwe kwa sauti kila mwezi, na darasa la watu wazima likague hesabu.

3. Mwanachama atakayenunua mkungu mchanga kwa jirani mwenye shida aitwe mbele ya Bodi ajieleze.

4. Kila nyumba yenye namba ya chama imwandikishe na mama awe mwanachama kamili, mwenye kura yake, na aweke sahihi yake mwenyewe. Asiyejua kuandika jina lake, darasa lipo, halina ada.

Tunajua la nne ndilo gumu. Tumesikia minong'ono kwamba akina mama wakipata namba watakuwa jeuri. Wenye hoja hiyo waje mkutanoni waiseme hadharani, mbele ya mama zao, na wajibiwe hapo hapo.

Ndugu wananchi, hakuna kati ya haya manne linalomngoja mfadhili. Mizani tunayo. Shilingi mia tano tunazo, si kila mwezi kwa kila mtu, lakini wengi tunazo. Na bei ya haki inaanza gulio lijalo, hata kabla ya kura.

Umoja ni nguvu. Ushirika oyee!

Katibu wa Tawi