Ardhi na Kura: Mgeuko Mkuu katika Taarikhi ya Watu wa Marekani, 1865 hadi 1877



Kila itajwapo taarikhi ya watu wa Marekani, aghalabu wasemaji huanzia tarehe 4 Julai 1776, siku ya Tangazo la Uhuru la makoloni 13 yaliyojitenga na mfalme wa Uingereza; kisha huijia Katiba iliyotungwa Philadelphia mwaka 1787, na ununuzi wa Louisiana kutoka kwa Napoleon mwaka 1803, na vita vya wenyewe kwa wenyewe, mpaka wakafikia vita vikuu vya karne ya 20. Sina nia ya kuutangua mpangilio huo. Lakini kwa rai yangu, miaka 12 iliyofuata vita vile vya ndugu kwa ndugu ina uzito kuliko hiyo yote, kwa kuwa ndimo lilimoulizwa, likajibiwa, kisha jibu lake likabatilishwa, suala ambalo waasisi wa dola ile waliliahirisha kwa makusudi: ni nani aliye raia, na uraia wake utalindwa kwa kitu gani.

Nasema waliliahirisha, na ushahidi umo katika hati zao wenyewe. Thomas Jefferson, ambaye naye alimiliki watumwa, alitia katika rasimu ya Tangazo ibara ya kuishutumu biashara ya watumwa, na wajumbe wakaifuta. Katiba nayo, pasi na kulitaja neno la utumwa, iliamuru kwamba watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu katika kugawa viti vya Bunge, na kwamba uingizaji wao usipigwe marufuku kabla ya mwaka 1808. Kisha Eli Whitney akaleta mashine yake ya kuchambua pamba mwaka 1793, na kilimo kilichodhaniwa kuwa kitafifia kikawa ndicho utajiri wa Kusini: watumwa waliokuwa takriban 700,000 mwaka 1790 walikaribia milioni 4 ilipofika 1860.

Nasi wa pwani hii hatukuwa mbali na habari hizo. Baada ya Sayyid Said kufunga mkataba na Wamarekani mwaka 1833, merikebu za Salem, Massachusetts, zilifululiza kuja Unguja na shehena za merikani, zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi; na pamba ya nguo ile, iliyofumwa katika viwanda vya Kaskazini, ilikuwa imechumwa na watumwa wa Kusini. Wahenga wetu waliojitanda merikani walivaa jasho la watu wa asili ya Afrika waliokuwa wakitumikishwa ng'ambo ya bahari, wala hakuna aliyewapa habari.

Vita vyenyewe, vilivyoanza Aprili 1861 na kuua watu zaidi ya 600,000, sitavieleza kwa urefu. Yatosha kukumbuka kwamba amri ya Rais Abraham Lincoln ya tarehe 1 Januari 1863 iliwaacha huru watumwa wa majimbo yaliyoasi, na kwamba watu weusi wapatao 180,000 waliingia katika jeshi la Muungano. Hata walipodai haki baadaye, walidai kitu walichokwisha kukilipia kwa damu.

Tarehe 12 Januari 1865, mjini Savannah, Jenerali William Sherman aliwaita wachungaji weusi 20 awaulize watu wao wanahitaji nini. Msemaji wao alikuwa mzee Garrison Frazier, mwenye umri wa miaka 67, aliyekuwa amejinunua mwenyewe kutoka utumwani. Naye akajibu kwamba njia bora ya kujitunza ni kupewa ardhi na kuilima kwa mikono yao, mpaka wapate uwezo wa kuinunua. Siku nne hazijatimia, Sherman akatoa amri ya kugawa mashamba ya visiwa na mwambao wa South Carolina na Georgia, kila jamaa isizidi ekari 40. Na kabla ya mwaka kumalizika watu wapatao 40,000 walikuwa wamekwisha kukaa humo na kupanda. Lakini Lincoln alikwisha kuuawa mwezi wa Aprili, na mrithi wake, Andrew Johnson, aliwasamehe waasi na kuwarudishia mashamba yao. Mwezi wa Oktoba Jenerali Oliver Howard alitumwa kisiwani Edisto kuwaeleza wakulima, waliokusanyika kanisani, kwamba ardhi ile si yao tena. Mimi kila nisomapo habari za mkutano ule husadiki kwamba hapo ndipo sehemu kubwa ya uhuru ilipopotea, hata kabla haujaandikwa katika Katiba.

Ukaja kuandikwa. Marekebisho ya 13 ya mwaka 1865 yalifuta utumwa; ya 14, mwaka 1868, yaliwathibitishia uraia waliozaliwa nchini, ijapokuwa wenyeji wa asili, walionyang'anywa bara zima, hawakupewa uraia wote hadi mwaka 1924; na ya 15, mwaka 1870, yalikataza mwanamume kunyimwa kura kwa sababu ya rangi au ya utumwa wake wa zamani. Mwaka huohuo Hiram Revels wa Mississippi akawa mtu mweusi wa kwanza kukaa katika Seneti.

Wa kunitoshea kuieleza enzi hii ni Robert Smalls, aliyezaliwa mtumwa mjini Beaufort, South Carolina, mwaka 1839. Alikuwa rubani wa merikebu Planter, iliyotumikia jeshi la waasi bandarini Charleston. Alfajiri ya tarehe 13 Mei 1862, maofisa wa kizungu wakiwa wamelala mjini, alivaa kofia ya nahodha, akampakia mkewe na wanawe pamoja na jamaa za mabaharia wenziwe, akapita mbele ya mizinga ya Fort Sumter akipiga filimbi kwa ishara zilizotakiwa, mpaka akazifikia manowari za Kaskazini na kukikabidhi chombo. Baadaye aliinunua nyumba ya bwana wake wa zamani. Na katika mkutano wa mwaka 1868 uliotunga katiba mpya ya jimbo, alipigania shule za bure kwa watoto wote, weupe na weusi, kisha akachaguliwa kuingia Kongresi.

Hayo yote yalisimama madhali askari wa serikali kuu walikuwapo. Hata hivyo Ku Klux Klan, kundi la siri la wazungu, waliua na kuchoma. Na uchaguzi wa urais wa 1876 ulipozusha mabishano, wakuu wa vyama walipatana Rutherford Hayes ashike madaraka, naye mwaka 1877 akawaondoa askari waliokuwa wakizilinda serikali za mwisho za enzi ile katika Kusini. Mississippi ilitunga katiba mwaka 1890 yenye kodi ya kichwa na mtihani wa kusoma kwa mwenye kutaka kura; South Carolina ikafuata mwaka 1895, na Smalls, mmoja wa wajumbe weusi sita katika mkutano ule, alipinga kwa ufasaha, kisha akakataa kutia sahihi. Mwaka uliofuata, Mahakama ya Juu ikahalalisha utengano wa rangi.

Miaka 70 ilipita. Sheria ya haki ya kupiga kura ilitiwa sahihi na Rais Lyndon Johnson tarehe 6 Agosti 1965, miezi mitano baada ya waandamanaji walioidai haki hiyo kupigwa darajani Selma. Nayo ilisimamisha mitihani ile na kuwapeleka maofisa wa serikali kuu kuandikisha wapiga kura. Huko Mississippi, ambako weusi walioandikishwa hawakuzidi 7 katika kila 100, idadi ilifika karibu 60 katika miaka miwili. Marekebisho ya 15 yalikuwapo tangu 1870, hayakuongezwa hata neno. Kilichorudi ni mkono wa kuyatekeleza. Ama ardhi, aliyoitaja mzee Frazier kabla ya kitu kingine chochote, haikupata sheria ya namna hiyo, nalo ndilo suala ninaloomba wajumbe wa semina hii tulianze katika majadiliano ya leo.