Kila Nguo Ina Namba Yake
Maelezo ya mwanachama mwenzetu, karani wa uwakala wa forodha, kwenye sherehe ya miaka kumi ya kikundi



Miaka kumi si haba. Tulianza na akiba ya sukari na ada za watoto. Leo wapo wenzetu wanaochukua mkopo wa kikundi kuagiza nguo kutoka nje. Ndiyo maana nimeombwa nizungumzie forodha. Mkopo ule ni jasho la wote. Mzigo ukikwama bandarini, na marejesho yanakwama, na wadhamini ndio wanaogongewa mlango.

Kwanza tuelewe kwamba forodha haitozi "nguo" tu. Kila bidhaa ina namba katika mfumo wa Shirika la Forodha Duniani, ulioanza kutumika mwaka 1988. Tarakimu sita za mwanzo ni zile zile kila nchi inayoutumia. Sisi Afrika Mashariki tumeongeza mbili, zikawa nane. Namba hiyo ndiyo inayoamua ulipe kiasi gani.

Nguo zimegawanywa hivi. Sura ya 61 ni zile za vitanzi, kama sweta na fulana. Sura ya 62 ni za kitambaa ambacho nyuzi zake zinapishana kama mkeka, mfano shati la ofisini. Fulana ya vitanzi ni 6109. Shati la kiume la kitambaa ni 6205. Blauzi ya kitambaa ni 6206. Sidiria, iwe ya vitanzi au ya kitambaa, ni 6212.

Halafu wanauliza: ya nani? Kwa vazi linalofungwa mbele, upande wa kushoto ukilalia wa kulia ni la kiume. Wa kulia ukilalia wa kushoto ni la kike, isipokuwa mshono wenyewe unaonyesha vingine. Lisilojulikana ni la nani linahesabiwa la kike! (Kicheko.) Za watoto wachanga ni za mtoto asiyezidi sentimita 86. Na kama nyuzi zimechanganywa, huangaliwa uzi uliozidi kwa uzito. Basi msome kile kilebo cha shingoni.

Sasa fedha. Tangu Julai 2022 kiwango cha pamoja cha Jumuiya kwa nguo zilizoshonwa ni asilimia 35 ya thamani, pamoja na bima na nauli. Kanga, kikoi na kitenge vya pamba ni asilimia 50. Nchi moja moja huweza kuruhusiwa kiwango chake kwa mwaka, kwa hiyo ulizeni kila Julai, msitegemee risiti ya mwaka jana.

Mitumba ni 6309, lakini kwa masharti: ziwe zimeonekana kuvaliwa, na zije kwa wingi, kwenye marobota au magunia. Kiwango cha pamoja ni asilimia 35 au dola 0.40 kwa kilo, kinachozidi ndicho kinacholipwa. Chukua robota la kilo 45. Kwa kilo ni dola 18. Kama thamani yake ni dola 40, asilimia 35 ni dola 14 tu, utalipa 18. Kama ni dola 80, utalipa 28.

Hapo ndipo penye mtego. Wapo wanaoshauri, "Changanya na mpya, andika mitumba." Akina mama, hilo ni kosa la jinai. Mzigo unaweza kutaifishwa, na aliyekushauri hutamwona tena.

Basi kabla ya kutoa hela: ankara iseme aina ya nguo, uzi wake, ya nani na idadi. "Nguo mchanganyiko" haitoshi. Mwulize wakala namba anayoandika, na udai nakala ya tamko.

Usiporidhika na uamuzi, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inakupa siku 30 kumwandikia Kamishna. Naye ana siku 30 za kujibu tangu apate maombi na maelezo yote; zikipita kimya, maombi yako yanahesabiwa yamekubaliwa. Kunung'unika getini hakuhesabiwi. Andika, na utunze nakala yenye muhuri.

Napendekeza kamati ya mikopo isipitishe ombi la kuagiza nguo bila kuona ankara na namba. Si kumnyima mtu. Ni kulinda mfuko wetu.

 Kikundi chetu kidumu!