Panga kwanza, parsele itakuja

Maneno ya mwanachama mmoja katika mkutano wetu wa Baraka

Nimeombwa niseme juu ya nyumba ya kwanza ya mtu aliyerudi. Sitasema kama mwalimu. Nitasema kama mtu aliyeliwa feza zake.

Tulipovuka ziwa kutoka Kigoma, mimi na mke wangu na watoto wanne, nilikuwa na dola 600. Kule Nyarugusu nilikuwa fundi baiskeli, nilizichanga miaka mingi. Kichwani nilikuwa na neno moja tu: sipangi, nimechoka kukaa kwa watu. Juma la pili komisionere akanionyesha parsele nzuri, miembe miwili, karibu na barabara. Muuzaji alikuwa na haraka, na mimi pia. Tukasaini karatasi moja, mashahidi wote wawili wa upande wake. Nikampa dola 450.

Mwezi wa tano ukuta umefika kwenye madirisha, akaja mama mmoja mjane na watoto wake. Alikuwa ametoka kambini kama siye. Akasimama chini ya mwembe, akaniuliza kwa upole: "Baba, nani amekupa ruhusa ya kujenga kwetu?" Kumbe miembe ile ilipandwa na marehemu bwana yake, mbele ya vita. Majirani wa zamani wakasema ni kweli. Muuzaji alikuwa amekwisha kwenda zake.

Jamani, yule mama hakuwa adui wangu. Tulikimbia vita moja, na mtu mmoja alitukula wote wawili. Wazee walitukalisha siku mbili. Mimi nikaondoa mbao na milango, nikaacha ukuta. Parsele ni yake.

Ndiyo maana nawaomba ninyi mnaofika sasa: pangeni kwanza. Kupanga si aibu. Ukikaa mtaani mwaka mmoja unajua nani ni nani, ugomvi wa zamani uko wapi, na maji yanafika wapi. Miaka hii ziwa limepanda, na nyumba za watu zimeingiliwa na maji, hapa Baraka na kule Uvira. Parsele uliyoonyeshwa wakati wa kiangazi, uende kuiangalia tena wakati wa mvua.

Mpangaji naye ana sheria. Ile ya mwezi wa 12 mwaka 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi haipiti miezi mitatu. Mwenye nyumba akizidisha, umwambie kwa heshima. Uombe karatasi kwa kila feza unayotoa. Siku ya kuingia mwandike pamoja hali ya mlango, bati na kufuli, ili siku ya kutoka garanti yako irudi bila kelele.

Ukifika wakati wa kununua, ukumbuke hivi: kwa sheria ya mwaka 1973, udongo wa Kongo ni mali ya Leta. Mtu anapewa haki ya kuutumia, na karatasi inayoshuhudia haki hiyo kwa nguvu ni sertifika ya anrejistrema. Karatasi ya kuuziana peke yake haitoshi. Lakini wengi kwetu hawana sertifika, wana neno la mababu na karatasi ya shefu. Basi ufanye hivi:

Uliza majirani wa pande zote nne, hasa wazee waliokuwepo mbele ya vita. Nenda kwa shefu wa kartie. Nenda ofisi ya udongo na kadastre kabla ya kutoa hata franka moja. Mke wa muuzaji, watoto wake wakubwa na ndugu zake wasaini. Na jina la mke wako liandikwe pamoja na lako, maana tumeona wajane wengi wakifukuzwa.

Feza zitatoka wapi? Kwa likelemba. Tuko watu 20, kila mmoja dola 5 kwa mwezi, mmoja anabeba 100. Si bei ya parsele, lakini ni garanti ya nyumba, au mabati ya kuanzia. Msikope kwa mtu anayekula faida kila mwezi. Nyumba itakuwa yake.

Wafadhili wetu, kwenu nina neno moja. Msitujengee nyumba kabla ya kuuliza udongo ni wa nani. Nyumba nzuri juu ya udongo wa mtu mwingine inaleta vita kwa majirani. Mkitaka kutusaidia, wekeni kitu kwenye kisanduku chetu cha garanti: mwanachama anakopa miezi mitatu, anarudisha pole pole, na mwingine anayefika anakopa. Na mtusaidie gharama za karatasi, maana hapo ndipo wengi tunakwama.

Mimi mpaka leo ni mpangaji, vyumba viwili, dola 15 kwa mwezi. Zamu yangu ya likelemba ni mwezi wa nane. Kuna parsele ninaifuata. Majirani wa pande tatu wamekwisha kusema. Wa nne yuko Nyarugusu bado, ninamngoja arudi.